Kuonja Wiski kwa Pua ya Usukumani

Mwanamke wa Kasoli, Bariadi, anayeandaa pombe ya mtama ameshaimaliza nusu ya kwanza ya kazi ya kutengeneza wiski, hata kama hajawahi kuiona chupa yake. Huloweka mtama usiku kucha, akauchuja, akaufunika kwa gunia lenye unyevu. Siku chache baadaye punje zimetoa mizizi myeupe iliyosukana, ukiinua gao moja linanyanyuka kama kipande cha mkeka. Hapo ndipo anapoanika. Akianika mapema, kimea hakina nguvu. Akichelewa, chipukizi limeshakula utamu wote. Kipimo chake ni jicho na ulimi: hutafuna punje moja akaisikia kama imeanza kuwa tamu.

Scotland hufanya hivyohivyo kwa shayiri. Punje ikilowa hujiandaa kuota, na ili mche upate chakula, huzalisha vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Mtengenezaji huiacha ifike hapo, kisha huikausha kabla mche haujaitumia akiba yote. Kimea kikisagwa na kutiwa maji ya moto, vimeng'enya huendelea na kazi, na unapatikana uji mtamu unaosubiri hamira. Mtama una shida zake: wanga wake hutaka joto kubwa zaidi kuliko wa shayiri ndipo uive, na kimea chake kina uhaba wa kimeng'enya kiitwacho beta-amilesi, ambacho shayiri inacho tele. Ndiyo maana pombe ya mtama hubaki nzito, kinywaji na chakula kwa pamoja, wakati uji wa shayiri ukichachuka huwa mwepesi, wenye kilevi cha asilimia 7 hadi 9.

Nimeanzia kwenye kimea kwa makusudi. Wasomaji wengi wa Kanda ya Ziwa huchukulia kwamba kuonja na kulinganisha wiski za singo molti, yaani zile zinazotokana na kimea cha shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja, ni elimu ya watu wa mbali wenye pua za aina nyingine. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Mtu aliyekulia Bariadi, aliyezoea harufu ya kimea kinachokauka, moshi wa kuni, samaki wa kubanikwa na matobolwa ya viazi vitamu, ana pua iliyofunzwa tayari. Anachokosa ni kujua harufu ipi ilitoka wapi.

Njia ya kwetu na ya Scotland zinaachana kwenye moto. Uji uliochachuka wa Scotland huingia kwenye mtungi mkubwa wa shaba na kukenekwa, yaani kugeuzwa mvuke na kupozwa tena, mara mbili. Mara ya kwanza hutoka na kilevi cha asilimia 20 na kitu, mara ya pili karibu 70. Shaba haikuwekwa kwa ajili ya urembo: hunasa misombo ya salfa ambayo ingeacha harufu ya kabichi iliyochemka mno. Kisha huja kazi ya kukata. Kinachotoka mwanzoni kina vitu vikali vinavyopeperuka haraka, na hunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kinachotoka mwishoni kina mafuta mazito na harufu ya tambara lililokaa na unyevu. Mtengenezaji huchukua sehemu ya katikati tu, ambayo wao huiita moyo. Kichwa na mkia hurudishwa kwenye mtungi pamoja na mkupuo unaofuata.

Huku kwetu gongo, pombe ya kukenekwa kienyeji, hupikwa kwenye pipa la chuma, bomba likapitishwa kwenye maji ya kupozea, na mnywaji akapima kwa njiti ya kiberiti. Ikishika moto, ni nzuri. Kwa kipimo hicho, matone ya mwanzo kabisa, ambayo Mskoti angeyatenga, ndiyo huonekana bora kuliko yote. Kiberiti kinapima ukali tu, na ukali hauelezi kama kilichomo ni salama wala kama kina ladha. Pipa lililowahi kubeba kemikali, bomba lenye risasi, maji ya kupozea yanayovujia ndani, yote haya hayaonekani kwenye ule mwali.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote ni ya muda. Gongo hunywewa usiku uleule ilipopikwa, au kesho yake. Bunge letu lilitunga sheria ya moshi, jina jingine la gongo, mwaka 1966, na tangu hapo kupika bila leseni ni kosa. Mitambo hukamatwa na mapipa humwagwa. Anayejificha hasubiri. Hawezi kulaza lita 200 mahali pamoja kwa miaka 10, maana kila siku ya ziada ni siku ya kukamatwa.

Waskoti nao walipita hapo. Kumbukumbu za hazina ya mfalme za mwaka 1494 zinamtaja mtawa John Cor kuwa alipewa kimea cha kutengenezea kinywaji cha kukenekwa, na hayo ndiyo maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo kuhusu jambo hili huko. Karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, mabonde ya Scotland yalijaa mitambo ya magendo, na kilichotoka humo kilinywewa kikiwa cheupe na kikali, ndugu wa karibu kabisa wa gongo. Sheria ya mwaka 1823 ililegeza masharti ya leseni. Mwaka uliofuata George Smith wa bonde la Glenlivet alichukua leseni, akachukiwa na majirani waliobaki kwenye magendo kiasi cha kutembea na bastola. Mwenye leseni hakuwa na sababu ya kukimbia, na kwa kuwa hakukimbia, pipa lake liliweza kulala ghalani. Kusubiri kulipoonekana kunafaa, serikali ikakufanya kuwa amri: mwaka 1915 wiski ilitakiwa kukaa kwenye pipa miaka 2, na mwaka 1916 ikawa 3.

Uganda ilijaribu njia iliyo karibu na hiyo kwa sheria yake ya enguli ya mwaka 1965, iliyoelekeza kinywaji cha vijijini kiende kiwandani kusafishwa, na ndiko ilikotoka Uganda Waragi. Sisi tuna Konyagi, yenye kilevi cha asilimia 35. Zote mbili hutengenezwa kwa utaratibu na hupimwa, lakini ladha zao hazikutoka kwenye mti, na hapo ndipo zinapotengana na wiski.

Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zinaeleza kwa ukali ni nini kiitwe wiski ya Scotland. Lazima ilale Scotland yenyewe angalau miaka 3, ndani ya pipa la mwaloni, mti ule unaotajwa kwenye Biblia, na pipa lisizidi lita 700. Ikijazwa kwenye chupa isipungue asilimia 40 za kilevi. Hairuhusiwi kuongezwa kitu chochote ila maji na rangi ya sukari iliyounguzwa. Umri ulioandikwa kwenye chupa ni wa ile changa kuliko zote zilizomo: ukisoma miaka 12, huenda humo ndani kuna ya miaka 18, lakini hakuna ya 11.

Ile rangi ya sukari iliyounguzwa inastahili kukumbukwa, kwa sababu kosa la kwanza la mwonjaji mgeni ni kuinua glasi kwenye taa na kuamua kwamba iliyo nyeusi zaidi ndiyo ya zamani zaidi. Rangi inaweza kuwa imetoka kwenye pipa, na inaweza kuwa imetoka kiwandani. Jicho lipumzike.

Kuhusu pipa lenyewe nitakaa zaidi, maana watengenezaji wengi hulihesabu kuwa chanzo cha zaidi ya nusu ya ladha. Mengi ya mapipa ya Scotland ni mitumba kutoka Marekani. Sheria ya Marekani inadai wiski yao ya bourbon ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, hivyo pipa likishatumika mara moja huwa halina kazi tena kwao, na huuzwa. Ni mapipa ya lita 200 hivi, ya mwaloni mweupe. Moto ulioyachoma ndani ulivunja lignini ya mti ukatoa vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila ya Zanzibar harufu yake. Mwaloni mweupe una pia laktoni zinazonuka nazi. Kwa hiyo wiski iliyolala humo hukupa vanila, nazi mbichi, asali nyepesi, wakati mwingine ndizi mbivu. Ndizi hiyo haikutoka kwenye pipa; hamira ndiyo iliyoitengeneza wakati uji unachachuka, na ni esta ileile iliyomo kwenye ndizi ya kweli.

Mapipa mengine hutoka Hispania, yakiwa yamebeba mvinyo mkali wa sheri. Zamani sheri ilisafirishwa kwenda Uingereza ndani ya mapipa, na Waskoti wakayaokota bandarini. Tangu miaka ya 1980 husafirishwa kwenye chupa, hivyo leo viwanda vya wiski huagiza mapipa maalumu yajazwe sheri kwa mwaka au miwili kwa ajili ya kulowesha mti tu. Ni makubwa, mara nyingi lita 500, na mengi ni ya mwaloni wa Ulaya, wenye tanini nyingi. Ladha yake ni zabibu kavu, tende, karafuu, ngozi. Aliyewahi kuonja mvinyo mtamu wa Dodoma uliokaa kwenye chupa iliyofunguliwa kwa siku kadhaa ana picha ya mwelekeo wake.

Kwa wenzangu wa Simiyu nina kipimo cha karibu zaidi. Chukua michembe na matobolwa, uvinuse kimoja baada ya kingine. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, vina utamu mkavu wa unga wenye harufu nyepesi ya mbao na jua. Matobolwa yamechemshwa kwanza, sukari yake imejitokeza, na yakikauka huwa ya rangi ya kahawia, ya kunata, yenye utamu mzito unaoelekea kwenye asali ya nyuki wadogo na ukwaju. Ukiinusa wiski ya pipa la bourbon kisha ya pipa la sheri, tofauti utakayoikuta inaelekea upande huohuo. Anayeandika kwenye daftari lake "matobolwa na ukwaju" ameandika jambo sahihi zaidi kuliko anayenakili maneno ya keki ya Krismasi ambayo hajawahi kuila.

Moshi ni habari nyingine. Visiwani kama Islay, magharibi mwa Scotland, kuni zilikuwa adimu, wakachoma piti, udongo mweusi wa mimea iliyooza majini kwa maelfu ya miaka, uliokatwa kwa vipande na kukaushwa. Kimea kilichokaushwa kwa moshi huo hushika fenoli kwenye maganda yake, na fenoli hizo huvuka uchachushaji, mtungi wa shaba na miaka yote ya pipa hadi kwenye glasi. Miongoni mwake ni guayakoli na kresoli, ambazo zimo pia kwenye moshi wa kuni za kawaida. Kwa hiyo mnunuzi wa sangara wa kubanikwa pale Kirumba, Mwanza, anaijua sehemu kubwa ya harufu ya Laphroaig, wiski ya Islay, kabla kizibo hakijafunguliwa. Sehemu asiyoijua ni ile ya hospitali, harufu ya dawa ya kusafishia kidonda, ambayo ni kresoli ikiwa nyingi. Wengi hukunja uso kwa mara ya kwanza. Mimi huiona kuwa mojawapo ya harufu safi kuliko zote kwenye kinywaji.

Je, pipa lingelala Kasoli ingekuwaje? Swali hili linanivutia kuliko mashindano ya majina ya chupa. Pipa linapumua. Joto likipanda, kinywaji hutanuka kikaingia kwenye mti. Likishuka, hurudi kikiwa kimebeba vitu. Huku kikipumua, hupungua. Scotland hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka, wao huiita fungu la malaika. Bangalore, kusini mwa India, kiwanda cha Amrut, kilichozindua singo molti yake mjini Glasgow mwaka 2004, hupoteza zaidi ya asilimia 10. Piga hesabu: pipa la lita 200 likikaa miaka 12 kwa kasi ya Scotland hubaki na lita 157 hivi, kwa asilimia 10, hubaki na 56. Ndiyo maana Wahindi hutoa chupa nzuri zenye miaka 4 au 5 tu, na hawaoni haya.

Hewa nayo ina neno. Kwenye maghala ya Scotland yenye unyevu, kilevi hutoka kwa wingi kuliko maji, hivyo wiski hulegea mwaka hadi mwaka. Kwenye hewa kavu maji ndiyo hutangulia, na kilevi kinachobaki hukaza. Kiangazi cha Simiyu, Juni hadi Oktoba, wakati ardhi imepasuka, kingeikaza. Wiski ya mtama iliyolala Bariadi ingekuwa ya haraka, yenye mti mwingi, na ingebidi itolewe mapema kabla tanini haijaifanya chungu kama majani ya chai yaliyosahaulika jikoni. Miaka 3 hapa ingekuwa umri mkubwa. Kwa sababu hiyo namba iliyo kwenye chupa, ikitengwa na mahali na pipa, haisemi mengi, na anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya namba peke yake anaonewa.

Sasa kuonja. Tafuta glasi inayobana mdomoni na kutanuka tumboni. Glasi ndogo ya mvinyo inatosha. Bilauri pana inatawanya harufu. Mimina kidogo, nusu ya toti. Usiweke barafu: baridi huzifungia harufu, na hizo ndizo ulizolipia. Peleka pua taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo ili kilevi kisikuchome, nusa kwa pumzi fupi, ondoa, rudi. Mara ya kwanza utasikia ukali tu. Mara ya tatu au ya nne ndipo vitu huanza kujitenga. Nusa mkono wako mwenyewe katikati, pua irudi kwenye hali yake.

Kisha maji. Wapo wanaodhani kutia maji ni kuiharibu, na wanasema hivyo kwa kujiamini sana. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walichunguza kwa kompyuta jinsi guayakoli inavyojipanga ndani ya mchanganyiko wa maji na kilevi. Kilevi kikiwa kingi mno, molekuli zake huizingira guayakoli ikabaki chini. Maji yakiongezwa, hupanda juu ambako pua inaikuta. Wachanganyaji wa viwandani hushusha sampuli zao hadi karibu asilimia 20 wanaponusa. Wewe anza na matone machache ya maji ya chupa yasiyo ya baridi, nusa tena, ongeza. Wiski ya asilimia 46 au zaidi huenda ikapata ukungu. Usihofu, ni mafuta na esta ambazo kiwanda hakikuzichuja kwa baridi, na zina ladha.

Ulimini chukua kiasi kidogo, kikae, kipite pembeni na juu. Angalia mambo mawili: uzito wake, kama ni maji au ni samli, na muda inaobaki baada ya kumeza. Au baada ya kutema. Wanaofanya kazi hii hutema, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na pua. Asiyekunywa kwa sababu ya dini au afya anaweza kunusa na akatoa maoni ya maana kabisa.

Kulinganisha ndiko kunakofundisha. Chupa moja peke yake haikuambii chochote, maana huna cha kuipima nayo. Kwa kuanzia ningechagua Glenmorangie ya kawaida, iliyolala kwenye mapipa ya bourbon. Glenfarclas, ya mapipa ya sheri. Na Laphroaig ya miaka 10, ambayo pipa lake ni la bourbon vilevile lakini kimea chake kina moshi. Hapo unaweza kuuliza maswali mawili tofauti. Ya kwanza na ya pili, zote hazina moshi wa piti, hukuonyesha zaidi kazi ya pipa. Ya kwanza na ya tatu, zenye mapipa ya jamii moja, hukuonyesha kazi ya moshi. Ukiwa na uwezo wa kupata ya nne, weka Balvenie DoubleWood ya miaka 12, iliyoanzia kwenye bourbon na kumalizia miezi kadhaa kwenye sheri, uone kama pua yako itaitaja mipaka hiyo. Yenye moshi ionjwe mwisho siku zote, kwa sababu fenoli ikishakaa kinywani haitoki upesi na itazifunika nyingine zote. Funika lebo, mwenzako azipange, uandike kabla hujaambiwa.

Chupa hizi ni ghali, na Bariadi si rahisi kuzikuta. Mwanza au Dar es Salaam ndiko zinakopatikana. Watu sita wakichanga, kila mmoja akaonja nusu toti ya kila moja, chupa hutosha vikao vingi, na iliyofunguliwa haiharibiki kwa miezi kadhaa ikiwekwa wima mbali na jua. Kagua stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye kizibo kabla ya kulipa, na ukikuta kizibo kimechezewa, iache dukani hata kama bei yake imepunguzwa nusu.